Pesa Hii ya Nani?

(Haya niliyasema Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi hapa Makorora, Tanga. Mvua iliwazuia wengi, hasa wa Mabawa na Mikanjuni, nao wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mliotoka Ngamiani karibuni, mliotoka Pongwe mkalowa njiani poleni. Nanyi watoto mlioketi mkekani hapa mbele, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba kila mmoja na yake.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mtaalamu wa ujasiriamali. Mwenyekiti, Mungu anakuona. Mimi ni muuza duka. Nina duka la vyakula kule barabara za namba, mwaka wa 23 sasa, na kabla ya duka nilikuwa nakopesha kanga mlango kwa mlango. Nimelea watoto wanne. Miaka sita hii ya karibuni, kila Jumamosi baada ya alasiri, watoto wa mtaa wetu huja barazani kwangu na madaftari yao tukapiga hesabu za vibiashara vyao. Chuo changu ndicho hicho, baraza la saruji lenye ufa katikati.

Nimeombwa niseme namna ya kumsaidia mtoto aanzishe biashara yake. Najua wengine mmekuja na kalamu, mnasubiri niwatajie biashara inayolipa. Sitaitaja. Inayolipa Makorora mwezi huu, mwezi ujao watu kumi wanaiuza mtaa huo huo. Nimekuja na swali moja, nitalirudia mpaka mnichoke. Mtoto akishika shilingi aliyoichuma, muulize, ujiulize na wewe mwenyewe: pesa hii ya nani?

Semeni na mimi. Pesa hii ya nani?

Haya, tuendelee.

Mimi nililelewa na shangazi, Allah amrehemu, mtu mwema na mkali. Nikiwa na miaka 10, nikitoka shule mchana nakuta sinia liko tayari: visheti 60, vimefunikwa kitambaa cheupe, na kata ya kanga kuukuu ya kuweka kichwani. Natoka barabara ya 12, napita soko la Mgandini, nafika karibu na stesheni ya reli, nazunguka kwenye magereji, narudi. Jioni shangazi anaketi mkekani, anamwaga sarafu kwenye kanga, anazihesabu, kisha anahesabu visheti vilivyobaki. Hesabu ikipungua, na chakula changu kinapungua. Ikitimia, naambiwa kaoshe sinia.

Miaka mitatu hivyo. Majirani walikuwa wakisema, huyu mtoto atakuja kuwa tajiri, anajifunza biashara. Wazazi wenzangu, nilijifunza nini? Unga ulinunuliwa wapi? Sijui. Mafuta yalikuwa bei gani? Sijui. Sinia moja lilikuwa na faida kiasi gani? Sijui mpaka leo, na shangazi ametangulia na siri yake. Nilijifunza kutembea na kunyamaza, basi.

Siku moja fundi mmoja akaniambia, ingia ndani binti, chenji iko ndani. Nilikuwa nimeinamisha uso, nikamwona miguu tu. Alivaa kandambili, moja nyekundu, moja ya buluu. Sikuingia. Nilitua sinia pale pale chini, kwenye mafuta machafu, nikakimbia mpaka nyumbani. Jioni nikachapwa. Shangazi aliuliza sinia liko wapi. Kwa nini nimeliacha, hakuuliza, na mimi sikusema.

Sasa niwaulize. Pesa ile ilikuwa ya nani? Ya shangazi. Biashara ilikuwa ya nani? Ya shangazi. Na hatari ilikuwa ya nani?

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Anajua. Mabinti wenye masinia wapo hadi leo, na magereji yapo, na chenji bado iko ndani.

Serikali ililiona hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomdhuru wala kumharibia masomo, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtaniuliza, mbona wewe bibi una watoto wa miaka 11 barazani kwako? Ninao. Hakuna aliyewaajiri. Wanauza saa moja au mbili, mchana, mbele ya mlango wa kwao, jicho la mama likiwa dirishani. Kipimo changu ni kimoja: je, mtoto huyu anaweza kusema "leo sitaki", na siku ikaisha salama? Akiweza, ana kibiashara. Asipoweza, ana mwajiri, hata kama mwajiri huyo ndiye aliyemzaa.

Niwape mfano wa asiyeweza. Nilikuwa stendi ya Kange namsubiri mdogo wangu atokaye Dar es Salaam, basi limechelewa, saa tatu na nusu usiku. Akaja mvulana na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, chumvi kwenye kifuniko cha chupa. Kaptula ni ya shule. Nikamuuliza, yamebaki mangapi? Kumi na moja. Yasipoisha? Akapandisha mabega. Nikayanunua yote kumi na moja. Njia nzima ya kurudi nyumbani nikajiona mtu wa peponi. Wiki iliyofuata nikaenda tena Kange kumsindikiza huyo mdogo wangu, nikamkuta mtoto yule yule, saa ile ile. Ndoo ilikuwa kubwa zaidi. Aliyemtuma alikuwa ameshaona kwamba usiku mayai yanaisha. Mimi ndiye niliyemwonyesha.

Nyie ni watu wa Tanga, mkonge mnaujua. Watoto, hebu sikilizeni na nyie. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ya meli ilikuwa ndefu, miche mingi ikafa. Iliyosalimika ikapandwa Kikokwe, jirani na Pangani, ilikuwa 62. Miche 62 tu! Ikazalishwa, watoto wa miche wakazaa watoto, mpaka Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa katani. Watu wa semina wanaipenda sana hadithi hii. Anza kidogo, wanasema, usile mbegu, zalisha. Ni kweli, na mtoto mwenye mtaji wa elfu tano aisikie.

Ila wanaikatisha katikati, na mimi nina sababu ya kuimalizia. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kukata mkonge huo huo. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Zikijaa ndipo anapolipwa, ukiumwa siku haihesabiwi. Alikata majani tangu kijana mpaka mgongo ukapinda, na mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya miiba mpaka anaingia kaburini. Uhodari wa kazi, jamani, nani angemshinda? Kuna mtu humu atasema babu yangu alikuwa na biashara ya mkonge?

Ndiyo maana nauliza. Mtoto anayetembeza sinia la mzazi ana kazi. Inaweza kuwa kazi ya halali ya kusaidia nyumba, siipingi, wengi wetu tumekula kwa hiyo. Tusiiite tu biashara yake. Na sisi wa umri wangu tuliosoma wakati wa Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu ya 1967, tunakumbuka. Sera ilikuwa nzuri. Shuleni kwetu tulilima mchicha, tulimwagilia kwa makopo asubuhi kabla ya namba, mchicha ukauzwa. Daftari la mauzo hatukuliona hata siku moja. Shule siitaji. Mchicha ulikuwa mzuri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilikuwa sitaki kulisema mbele ya watu, lakini nimelala nalo usiku wa jana nikaona nisipolisema nitakuwa nawadanganya.

Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 12, alianza kuziba pancha. Tanga hii tambarare, baiskeli kila nyumba, misumari kila njia. Alikuwa na beseni la maji, pampu ya kuazima kwa mjomba wake, kipande cha msasa, viraka alivyovikata kwenye mpira wa zamani, na kichupa cha solusheni. Ukutani kwangu aliandika kwa mkaa: PANCHA HAPA. Herufi ya N aliigeuza. Jumamosi na Jumapili tu, siku za shule nilimkataza. Pesa yake aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga alilolitoboa mfuniko kwa kisu. Kila jioni analitikisa sikioni.

Mimi nikiwa kwenye mchezo wa kuchangiana pesa, wanawake kumi na mbili. Siku ya kutoa ikafika, kijumbe, mkusanyaji wetu, amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai yangu, na mimi sina. Nikaingia chumbani. Nikafungua kopo. Ndani mlikuwa na shilingi 38,000, nyingi ni sarafu. Nikachukua zote. Nikajiambia, ni mwanangu, analala kwangu, anakula kwangu, nitamrudishia mwisho wa mwezi.

Pesa ile ilikuwa ya nani?

Hakulia. Ningejua la kufanya angelia. Aliporudi alilitikisa kopo, likawa kimya, akanitazama, akaenda nje. Nikasikia sauti ya maji. Alikuwa anafuta maandishi ukutani kwa kitambaa cha kudekia. Nilimrudishia baada ya miezi miwili, zote, na elfu mbili juu. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama, akanunua viatu. Pampu aliirudisha kwa mjomba wake. Hakuziba pancha tena.

Leo ni mtu mzima, anaendesha lori, ana mke. Nikimwomba mkopo ananipa, kijana mkarimu. Lakini ananiandikisha. Karatasi, tarehe, sahihi. Mkewe anaona haya, anasema, baba watoto, huyu ni mama yako. Yeye anasema, ndiyo, najua.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Walionipigia makofi, nawaomba wajue kwamba sikuyahitaji.)

Basi nikajifunza, na sasa kila mzazi anayemleta mtoto barazani kwangu namuuliza kabla mtoto hajanunua hata kiberiti. Hiyo pesa unayompa ya kuanzia, ni zawadi, ni mkopo, au ni ubia? Chagua moja, liseme kwa sauti, mtoto asikie, liandikwe. Ikiwa zawadi, usiidai ukikasirika. Ikiwa mkopo, sema unarudishwa lini na kiasi gani kwa wiki. Ikiwa ubia, sema fungu lako ni lipi na ukae hapo hapo. Wazazi wengi wanataka zote tatu kwa mpigo. Mtoto akipata hasara ilikuwa mkopo, akipata faida ulikuwa ubia, wageni wakija ilikuwa zawadi.

Na tusidanganyane kuhusu mitaji ya nje. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, kijana wake anaanzia miaka 18. Mwenye miaka 13 hayumo. Kitambulisho cha NIDA naye bado, kwa hiyo laini ya simu iko kwa jina la mzazi, na mteja akilipa kwa simu pesa inaingia kwako. Ikishaingia kwako mnajua inakokwenda: luku, nauli, rambirambi. Kama mteja wake amelipa kwenye simu yako, mpe noti mkononi siku hiyo hiyo. Hata akaunti ya mtoto benki inafunguliwa na mzazi. Milango yote ya mtoto ufunguo uko kwetu. Kwa hiyo swali langu nawauliza nyie kabla ya kuwauliza wao.

Watoto, msicheke. Na nyie zamu yenu imefika.

Yupo binti, darasa la sita, anatengeneza kashata za nazi. Hodari! Anajua sukari ikianza kuwa rangi ya kahawia ndipo anapotia nazi iliyokunwa, na iliki mwishoni isipoteze harufu. Wakati wa kuyeyusha sukari mama yake anasimama jikoni, hiyo ni sharti, maana sukari ya moto inaunguza kuliko uji. Anamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, anakata kabla haijapoa. Kashata 40, shilingi 200 moja. Jumamosi ya kwanza akaja barazani anang'aa. Bibi, nimepata faida elfu nane!

Nikamwambia hongera. Sukari ulinunua wapi? Ya mama. Nazi? Za mama. Mkaa? Wa mama. Iliki? Akaanza kutazama chini. Nikamwambia, mwanangu, wewe hujauza kashata, umeuza jiko la mama yako vipande vipande kwa mia mbili mbili.

Tukakaa tukaandika. Sukari kilo moja, 3,000. Nazi mbili kwa bei ya dukani, 2,000. Iliki 500. Mkaa 500. Karatasi za kufungia 300. Jumla 6,300. Kashata 40 kwa 200 ni 8,000. Kwa hiyo faida 1,700. Akashusha pumzi, si haba. Nikamuuliza, na pesa iko wapi? Akazitoa mfukoni, tukazihesabu. 6,400. Zimepungua 1,600! Kashata nane. Tatu alikula mwenyewe, mbili kaka yake, tatu rafiki zake walisema watalipa Jumatatu. Sasa toa 6,300 kwenye 6,400. Kimebaki nini?

Watoto, semeni.

Mia moja! Mchana mzima, moshi machoni, mia moja.

Mama mmoja siku ile alinilaumu, akasema nimemvunja mtoto moyo. Mimi nilimwona. Hakuvunjika. Alikaa kimya, akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya. Jumamosi iliyofuata alikwenda Mgandini na mama yake, wakachanganya na jirani wakanunua nazi kwa jumla, moja ikamwangukia 700. Kaka yake akaambiwa alipe kama mteja. Rafiki wakapewa kipande kimoja cha kuonja, wakagawana. Gharama zikashuka hadi 5,700, zikauzwa zote 39 zilizobaki, akabaki na 2,100, na mama yake akarudishiwa sukari yake. Yule mama aliniambia, miaka 12 namlisha mtoto huyu, ndiyo mara ya kwanza ananiuliza sukari ni bei gani.

Mmeona swali limegeuka? Mwanzo lilikuwa pesa hii ya nani. Sasa sukari hii ya nani.

Wazee wa duka walikuwa na ubao ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtoto lisiwe la kutisha. Kurasa mbili zinatosha, kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule, na wanaodaiwa nyuma. Nimekagua madaftari mengi na lililonifurahisha kuliko yote ni la mvulana mmoja muuza karanga. Aliandika: Kaka 200. Kaka 200. Kaka 200 tena. Kaka ni mwizi. Hiyo ni taarifa ya fedha kamili, hata mkaguzi angeridhika.

La shule nitalipita haraka kwa sababu hapa hatubishani. Kila mkutano kama huu lazima mtu amtaje Bakhresa, kwamba aliacha shule mapema akaanza na kuuza urojo, na leo kila mtu anamjua. Sawa. Walioacha shule wakauza urojo na leo hatuwajui, nani anawataja? Mtoto wa barazani kwangu akishuka darasani, meza inafungwa mpaka apande. Sijawahi kuifunga zaidi ya mwezi mmoja.

Nimalizie na hasara, maana hapa ndipo wazazi wazuri wanapoharibu. Wazazi wabaya wanachukua pesa, nimeshajitaja. Wazazi wazuri wanachukua hasara.

Kuna mvulana wa Pongwe, miaka 13, alifuga kuku wa kienyeji. Alianza na mitetea miwili ya bibi yake, wakafika 14. Halafu mdondo ukapita. Mnaujua mdondo, kuku anasinzia, mbawa zinaning'inia, kinyesi cha kijani, asubuhi unakuta amelala ubavu. Kwa wiki moja walikufa 11. Baba yake, mtu mpole, yupo hapa, amekaa nyuma karibu na dirisha, akanipigia simu. Dada, nataka ninunue wengine usiku huu, akiamka awakute.

Nikamwambia, kaka, hasara hii ya nani?

Hakunijibu. Lakini hakununua.

Jumamosi mtoto akaja na daftari. Nikamwambia andika. Niandike nini bibi, hakuna mauzo. Andika waliokufa, mmoja mmoja. Akaandika, kila mmoja kwa jina lake. Mweupe. Kishungi. Kishingo. Mama Mdogo. Alipofika wa saba mkono ukasimama, tukasubiri. Akamaliza wote 11. Halafu akauliza, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwamba bandani hakukuwa na kuku wapya wa baba: bibi, kwa nini wa jirani wengine hawakufa?

Jibu lilikuwa chanjo. Akapelekwa kwa afisa mifugo wa kata, akaonyeshwa. Chanjo ya mdondo ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku akiwa mzima, maana akishaugua haimtibu. Na ina jambo lake: chupa moja inatosha kuku wengi, na ukishaifungua huwezi kuiweka ukae nayo. Yeye amebaki na kuku watatu. Afungue chupa nzima kwa kuku watatu?

Mtu mzima angesema haifai. Mtoto akaenda nyumba kwa nyumba. Mama, una kuku? Wangapi? Kesho alfajiri usiwafungulie, nitakuja, mia moja kwa kila kuku. Baba yake akamkopesha 6,000 ya chupa, mkopo, imeandikwa, na akafuatana naye. Alfajiri ile baba anashika kuku, mtoto anadondosha. Kuku 86. Shilingi 8,600. Akarudisha 6,000 ya baba kabla ya chai, akabaki na 2,600 na shati lote mavi ya kuku. Miezi mitatu ilipofika hakwenda kubisha hodi. Majirani walikuja wenyewe kumuuliza, daktari lini?

Baba angenunua wale kuku usiku ule, mtoto angekuwa na kuku tena. Na mdondo ungerudi, kwa sababu huwa unarudi.

Nafanya hivi mwenyewe kwa wajukuu na nawaambia ni kazi ngumu kuliko kuuza duka. Unaona anakosea bei, unauma ulimi. Unaona anamkopesha mtu asiyelipa, unauma ulimi. Kwenye moto, kwenye barabara, kwenye giza na kwenye mlango wa mtu unaingilia mara moja bila kuuliza. Kwenye mia mbili unamwachia.

Sasa Mwenyekiti ananionyesha saa. Nje pale chini ya mwembe kuna meza nane. Kuna kashata, kuna karanga, kuna bagia, kuna mabinti wawili wanasuka vikuku vya shanga, na yule daktari wa kuku ameleta mayai ya wale watatu wake, ambao sasa ni tisa. Mkitoka mpite. Nawaomba mambo mawili. Msiombe ya kuonja, nyie ni watu wazima. Na mkinunua kwa mwanao, lipa bei ile ile anayolipa jirani, usubiri chenji, na chenji uipokee.

Mimi nilishapita asubuhi. Nilichukua kashata mbili nikawa na noti ya elfu kumi, hakuwa na chenji. Ameniandika nyuma ya daftari, kwenye wanaodaiwa. Bibi wa dukani, 400. Niachieni njia nitangulie.